Ving'amuzi Vilifika, Mikanda Ikabaki Kabatini

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki na chenga kwenye televisheni yake ya chogo. Tukasema tumehamia dijitali. Kumbe yaliyohama ni mawimbi. Hotuba, mechi na taarabu za zamani zilikuwa kwenye mikanda ya sumaku, na hiyo huhamishwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa muda uleule iliorekodiwa: saa moja ya taarabu ni saa moja ya fundi.

Zanzibar iliporusha televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza kusini mwa Sahara, mkanda wa video ulikuwa bado kijana. Ampex walionyesha mashine yao Chicago mwaka 1956, mkanda ukiwa na upana wa inchi 2. Sony wakaleta U-matic mwaka 1971, kisha Betacam mwaka 1982. Majumbani ikaingia VHS. Kila aina na mashine yake. Mkanda ulikuwa ghali pia, hata ukafutwa ili urekodiwe upya. Ndivyo BBC ilivyopoteza vipindi vingi vya tamthilia yake ya Doctor Who vya miaka ya 1960.

Uliosalimika kufutwa una adui mwingine. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, na pwani yetu unyevu haukosekani. Mkanda wa namna hiyo ukiuchezesha, unanata, unalia, na unga wa kahawia unaganda kwenye kichwa cha mashine: hiyo ndiyo picha yenyewe inayobanduka. Fundi mzuri hauchezeshi. Anauoka kwanza kwenye joto la nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi, kisha anaurekodi kabla haujarudia kunata.

Picha ikishatoka salama, inaweza bado kuharibiwa na haraka. Mfumo wa televisheni wa PAL una mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, kila picha ikija nusu mbili: mistari witiri, halafu mistari shufwa. Nusu hizo zikiunganishwa ovyo, mguu wa mchezaji anayekimbia unatoka meno kama kitana. Baya zaidi kwangu ni kuivuta picha ya zamani ijaze kioo kipana cha leo, wazee wetu wakaonekana wafupi, wenye nyuso zilizotanuka. Ziachwe pembeni nafasi nyeusi. Hazimdhuru mtazamaji, na marehemu anabaki na sura yake.

Yote haya yanahitaji mashine inayozunguka. Julai 2016 Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo. Siku hizi deki ikiharibika kichwa, fundi hutafuta deki nyingine mbovu akang'oe cha kwake.