Asili ya Mawakala wa Programu za Hospitali

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alipotia sahihi sheria ya Medicare katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, mbele ya rais wa zamani, mzee Harry Truman, ambaye miaka ishirini nyuma aliitaka bima ya matibabu kwa raia wote akaikosa, serikali ilijifunga kuwagharimia wazee matibabu yao, kwa sharti kwamba kila hospitali idhihirishe matumizi yake kwa hesabu zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Makarani waliozoea madaftari na kadi wakalemewa, na katika kulemewa kwao ndimo ilimozaliwa kazi ya wakala wa programu za hospitali.

Walakini kazi hiyo haikuweza kusimama peke yake maadamu programu zilikuwa zikitolewa pamoja na kompyuta bila bei yake mbali, hata ilipofika Juni 1969, kampuni ya IBM ilipotangaza kwamba itavitenganisha viwili hivyo. Mwaka uo huo watu watatu waliotoka IBM, nao ni James Macaleer, Harvey Wilson na Clyde Hyde, walianzisha Shared Medical Systems huko Pennsylvania, kwa rai iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu: hospitali isinunue mtambo ambao haiuwezi, bali ipeleke tarakimu zake kwa waya wa simu kwenye kompyuta inayoshirikiwa na hospitali nyingi, ilipie huduma na kurudishiwa hesabu zilizokamilika. Wakala wa biashara ya namna hii hakuwa na chombo cha kumwonyesha mteja. Bidhaa yake ilikuwa ahadi, na ili ahadi hiyo isadikiwe ilimlazimu azijue hesabu za hospitali sawasawa na mhasibu aliyeketi mbele yake. Naistahi sana elimu hiyo, kwa kuwa ilipatikana kwa tajriba na wala haikuwa na chuo.

Lakini tutazame aliyeketi mbele yake ni nani. Hakuwa muuguzi wala tabibu, alikuwa mwenye ufunguo wa hazina. Na mambo aliyoyauliza yeye ndiyo yaliyojibiwa kwanza. Haikukosekana njia nyingine. Wahandisi wa Lockheed, kampuni ya ndege, walitunga mtambo ambao tabibu aliweza kuagiza dawa na vipimo kwa kugusa kioo kwa kalamu ya mwanga, na kampuni ya Technicon iliyoutwaa mwaka 1971 iliuweka katika hospitali ya El Camino, mjini Mountain View, California. Baadhi ya matabibu waliukataa mwanzoni, ikabidi wabembelezwe kwa subira, kila mmoja kwa njia yake. Mafanikio yake hayakutosha kuigeuza biashara nzima, kwani mwaka 1983, serikali ilipoanza kulipa bei maalumu kwa kila aina ya maradhi, mhasibu alizidi kuwa mteja azizi.

Shared Medical Systems ilinunuliwa na kampuni ya Siemens mwaka 2000, biashara hiyo ikaangukia kampuni ya Cerner mwaka 2015, na Cerner yenyewe ikamezwa na kampuni ya Oracle mwaka 2022.

Kwetu Afrika Mashariki mwanzo ulikuwa mwingine. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, mwaka 2001, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta, na kutokana na maarifa hayo ikatokea OpenMRS, programu isiyouzwa, ambayo yeyote aweza kuichukua na kuirekebisha. Hapo aliyetangulia kufikiriwa alikuwa mgonjwa na matibabu yake.

Siku hizi mawakala wanabisha hodi katika hospitali zetu pia, na wengi wao ni vijana wetu hodari. Nawasihi wakuu wa hospitali, kabla ya kutia sahihi, wawaite mezani muuguzi wa wodi na karani wa masjala, wawape nafasi ya kuuliza kwanza. Na wakala mwema naye awatake waitwe, ijapokuwa mkataba utachelewa.