Mashine Ilikuwemo Kibandani Tangu Mwanzo

Leo tuzungumzie muziki, na tuanze na jambo ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Tarehe 12 Agosti 2016, kwenye tamasha la Eaux Claires huko Wisconsin, Marekani, kundi la Bon Iver lilipanda jukwaani likapiga albamu mpya yote, nyimbo kumi, moja baada ya nyingine. Albamu yenyewe ilikuwa bado haijatoka. Maelfu ya watu waliokuwa pale hawakuwa na hata mstari mmoja wa kuimba pamoja na msanii wao. Na bado waliipokea kwa shangwe.

Kwa wale wasiolifahamu, Bon Iver ni kundi la Justin Vernon, aliyezaliwa mwaka 1981 mjini Eau Claire, jirani kabisa na uwanja wa tamasha hilo. Jina la kundi limetoka kwenye salamu ya Kifaransa ya kutakiana msimu mwema wa baridi, ila limeandikwa kwa kukosea, kwa makusudi. Bwana huyu alijulikana kwa vitu vitatu: gitaa kavu, sauti nyembamba ya juu kabisa, na hadithi ya kibanda msituni. Muziki wa namna hiyo Wamarekani huuita foku, yaani muziki wenye mizizi ya kijijini, wa mtu, gitaa lake na maneno yake. Wasanii wa kizazi cha Vernon walioufufua wengi wao walikuwa na kampuni ndogo za kujitegemea, mbali na makampuni makubwa.

Sasa basi, albamu ile mpya, 22, A Million, iliyotoka rasmi tarehe 30 Septemba 2016, haikuwa na kibanda wala msitu. Ilikuwa na sauti zilizokatwakatwa na kuunganishwa upya, ngoma zinazokoroma kama spika iliyopasuka, vinanda vya umeme, na nyimbo ambazo majina yake ni tarakimu na alama za ajabu. Kwa hesabu za kawaida, mashabiki walipaswa kukasirika. Badala yake iliingia nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard 200 Marekani na nafasi ya pili Uingereza pia. Mwaka 2017 ikawania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, ikashindwa na Blackstar ya David Bowie, na kushindwa na Bowie si aibu.

Swali langu ni dogo tu. Kwa nini walifurahi?

Nauliza kwa sababu mashabiki wa foku wana historia. Tarehe 25 Julai 1965, kwenye tamasha la foku la Newport, Bob Dylan alipanda na gitaa la umeme na wenzake wa kupiga naye. Akapiga nyimbo tatu, akazomewa. Mpaka leo watu wanabishana: je, walizomea umeme, walizomea vyombo vilivyosikika vibaya, au walizomea kwa sababu nyimbo tatu zilikuwa chache mno? Labda vyote. Lakini mwaka uliofuata hakukuwa na cha kubishania. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, mtu mmoja katikati ya watazamaji alimpigia kelele Dylan kwa neno moja: Yuda. Kelele ile imo kwenye kanda ya onyesho lile, iliyozunguka mikononi mwa watu kwa miaka mingi kabla ya kutolewa rasmi mwaka 1998.

Tulifikirie neno hilo. Yuda ni jina la msaliti, na wala halina uhusiano na muziki kuwa mbaya. Yule bwana alikuwa anasema: ulituahidi ukweli, sasa umetuuza. Kwake yeye ukweli ulikuwa ndani ya mbao za gitaa, na waya wa umeme ulikuwa vile vipande thelathini vya fedha. Kutoka Manchester mpaka Wisconsin ni miaka hamsini. Kuna kitu kilitokea hapo katikati.

Kilichotokea kwanza ni kwamba wapo waliotangulia kulima shamba. Mwaka 1996 Mwingereza Beth Orton alitoa Trailer Park, nyimbo za gitaa zilizokaa juu ya midundo ya vilabu vya usiku. Mwaka 2000 Radiohead, waliokuwa wafalme wa gitaa la roki, waliliweka gitaa pembeni wakatoa Kid A, na mashabiki walikuna vichwa kabla ya kuipenda. Mwaka 2001 Four Tet, ambaye ni mtu mmoja aitwaye Kieran Hebden, akatoa Pause, ambamo nyuzi za gitaa zimekatwa vipande vipande kwa kompyuta. Mwaka 2010 ikafika zamu ya Sufjan Stevens. Yeye alipendwa kwa banjo na nyimbo za upole za albamu ya Illinois ya mwaka 2005. Akaja na The Age of Adz, albamu yenye makelele ya mitambo kila upande, na wimbo wake wa mwisho una zaidi ya dakika ishirini na tano. Wengine walimkimbia. Waliobaki walibaki kweli.

Kwa hiyo, masikio yalikuwa yameandaliwa. Lakini mimi naona hilo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili imo ndani ya kile kibanda chenyewe.

Hadithi ya kibanda inasimuliwa hivi. Mwaka 2006 kundi la zamani la Vernon lilivunjika huko North Carolina, penzi nalo likavunjika, na ini likaugua. Akaendesha gari mpaka Wisconsin, akajifungia kwenye kibanda cha kuwindia cha baba yake, akakaa humo miezi kama mitatu ya baridi, akatoka na For Emma, Forever Ago. Aliitoa mwenyewe mwaka 2007, nakala mia tano tu. Mwaka 2008 kampuni ya Jagjaguwar ikaitoa upya, na dunia ikampenda mtu wa msituni.

Yote hayo ni kweli. Ila kuna kitu ambacho wasimuliaji wengi hukipita haraka. Ndani ya kibanda kile, pamoja na kuni na gitaa, kulikuwa na kompyuta ya zamani ya Macintosh, programu ya kurekodia ya Pro Tools na maikrofoni ya Shure SM57. Ile kwaya inayokupandisha vinyweleo ni mtu mmoja aliyejirekodi tena na tena, akaipanga sauti yake juu ya sauti yake. Bila mashine, mtu mmoja hawezi kuwa kwaya. Upweke ule ambao watu waliusikia na kuuita wa asili kabisa, ulifika masikioni mwao kwa msaada wa kompyuta.

Ndiyo maana nasema mashine haikuingia mwaka 2016. Ilikuwemo kibandani tangu mwanzo, ila mwanzoni ilikaa kimya.

Ilianza kusema Januari 2009. Vernon alitoa albamu fupi ya nyimbo nne, Blood Bank, na wimbo wa mwisho unaitwa Woods. Hauna gitaa wala ngoma. Ni sauti yake tu, imerundikwa na kupitishwa kwenye Auto-Tune. Programu hiyo ilitengenezwa na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu za mawimbi kwenye utafutaji wa mafuta ardhini. Iliingia sokoni mwaka 1997 ili kunyoosha sauti zilizopinda kidogo bila mtu kugundua. Mwaka 1998 Cher aliitumia waziwazi kwenye Believe, na tangu hapo ikawa alama ya muziki wa disko na rap. Wakali wa muziki halisi waliichukia. Vernon aliichukua akaimbia upweke.

Aliyeielewa mapema alikuwa Kanye West. Mwaka 2010 alimwita Vernon Hawaii, akaijenga Lost in the World juu ya Woods, na wimbo huo ukaingia kwenye My Beautiful Dark Twisted Fantasy. Mtu wa kibandani akajikuta studio na marapa. Mwezi Februari 2012 akapata Grammy ya msanii bora mpya, miaka mitano baada ya kutoa albamu yake ya kwanza. Mambo ya tuzo hayo.

Baadaye alichoka. Sifa zilimlemea, wasiwasi ukamwandama, akaliweka kundi pembeni kwa muda. Mbegu ya 22, A Million aliipata kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki, akiwa na OP-1, kinanda kidogo cha umeme unachoweza kukitia kwenye begi. Alijirekodi maneno machache ya kujifariji, akayachezea, na hayo ndiyo yakawa wimbo wa kwanza, ambamo utasikia pia kipande cha sauti ya Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili. Pamoja na mhandisi Chris Messina wakaunda mtambo wao, wakauita Messina. Unaimba huku ukibonyeza kinanda, na sauti yako inagawanyika papo hapo kuwa sauti nyingi zinazofuata vidole vyako. Usikilize wimbo wa 715 - CRΣΣKS, ambao wote umetengenezwa hivyo. Kumbe ile kazi ya kibandani, ya mtu mmoja kujirundika awe wengi, sasa aliweza kuifanya mbele ya watu, kwa pumzi moja.

Hata jina la albamu linasema hivyo. Ishirini na mbili ni namba anayojiona yeye mwenyewe ndani yake tangu utotoni. Milioni ni watu wengine wote.

Nifafanue kwa mfano wa nyumbani. Kwenye simu yangu nina ujumbe wa sauti wa bibi yangu, wa sekunde kumi na tisa. Mtandao ulikuwa dhaifu siku ile, kwa hiyo sauti imekwaruzika na sehemu moja imekatika kabisa. Bibi hayupo tena. Kwa vipimo vya yule bwana wa Manchester, ule si uhalisia, ni takwimu zilizopitishwa kwenye mnara. Lakini hakuna atakayeniambia kwamba yule siye bibi. Tena, pale inapokatika ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu najua alikuwa anasema kitu.

Nadhani waliosimama uwanjani mwaka 2016 walijua hilo bila kufundishwa. Ni kizazi kilichotongozwa kwa simu, kikaachwa kwa simu, kikapokea taarifa za misiba kwa simu. Kwao sauti iliyopasuka kwenye mashine haifichi uchungu. Ndiyo namna uchungu unavyowafikia siku hizi. Yule wa 1966 aliona waya ukimtenga na msanii. Hawa waliona waya ndio unaowaunganisha naye.

Simaanishi kila mtu aliipenda. Wapo waliosema wamemkosa mtu wao wa gitaa, na nawaelewa, maana majina ya nyimbo peke yake yanachosha. Na mashine si dawa. Zipo albamu nyingi ambazo msanii ameongeza vinanda kwa sababu tu hana la kusema.

Lakini tazama kilichofuata. Vernon aliendelea na mitambo kwenye i,i ya mwaka 2019. Halafu Oktoba 2024 akatoa nyimbo tatu zilizoitwa SABLE, na lile gitaa kavu likarudi mbele. Aprili 2025 zikaunganishwa na nyingine zenye vinanda na midundo, zikawa SABLE, fABLE. Sikusikia mtu akisema mwana mpotevu amerudi nyumbani. Watu walilipokea gitaa kama walivyokuwa wameipokea mashine, wakauliza swali lilelile ambalo Newport walisahau kuuliza: je, anaimba kweli?

Ukipata nafasi, zisikilize mbili hizi usiku mmoja, For Emma kwanza kisha 22, A Million. Tumia hedifoni nzuri ukiweza. Kwenye ile ya kwanza, hesabu ni sauti ngapi zinaimba kwa pamoja, halafu kumbuka kwamba kibandani alikuwa peke yake.