Protini zinazonyamazisha virusi

Mwaka 1977 watafiti waliambukiza seli changa za panya, zenye tabia za seli za kiinitete, kwa virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa wanyama hao. Virusi viliingia ila havikuzaliana. Ajabu hiyo iliwasumbua wengi, kwa sababu virusi vya kundi hilo, yaani retrovirusi, hugeuza RNA yao kuwa DNA, kisha hujipachika katika vinasaba vya seli. Vikishafika huko, seli huvitumikia kana kwamba ni jeni zake yenyewe. Safari hii seli ilikataa kuvisoma.

Miaka 30 ilipita kabla ya mhusika kujulikana. Mwaka 2007 Daniel Wolf na Stephen Goff wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliitaja protini TRIM28. Mwaka 2009 wakaongeza ya pili, ZFP809, inayotambua kipande kifupi cha DNA ya virusi na kuiita TRIM28 ije kukizima.

Kwa upande wa binadamu, ambaye takribani asilimia 8 ya vinasaba vyake ni mabaki ya retrovirusi za kale, hatua kubwa ilipigwa Cambridge, Uingereza, mwaka 2015. Kundi la Paul Lehner lilitumia virusi kupachika jeni inayong'aa kijani, likachukua seli zilizouzima mwanga huo, kisha likavuruga jeni zao ovyo ovyo ili kuona ipi ikikosekana mwanga hurudi. Zikajitokeza protini tatu zinazoshirikiana: TASOR, MPP8 na periphilin. Ushirika huo uliitwa HUSH. Nao huita kimeng'enya SETDB1, ambacho huweka alama kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imejizungushia, na jeni zilizo hapo hunyamaza.

Mwaka 2018 timu za Ufaransa na Marekani zilionyesha kwamba protini Vpx ya VVU-2, aina ya pili ya virusi vya UKIMWI, huiangamiza TASOR. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba HUSH huvizuia virusi: virusi havina sababu ya kumvunja asiyevidhuru.

Lakini kimya hicho kina hatari yake. DNA ya VVU iliyonyamaza hubaki ndani ya seli za kinga, na dawa za kufubaza haziifikii, kwani hupambana na virusi vinavyozaliana. Dawa zikiachwa, kwa kawaida VVU hurudi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo wewe ambaye kipimo kinasema virusi havionekani, usiache dawa.