Mchoraji kama Mhakiki: Alvim Corrêa na Michoro ya The War of the Worlds

Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi wamezoea kuichukulia picha iliyomo katika kitabu kuwa pambo tu. Maandishi huchambuliwa neno kwa neno, ilhali picha huachiwa mchapishaji na mtoto. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Tunashikilia kwamba mchoraji wa bunilizi ya kisayansi ni msomaji wa kwanza anayelazimika kutoa uamuzi hadharani: mwandishi akisema "kitu cha ajabu", yeye hana budi kukipa kitu hicho umbo, kimo na mahali pa kusimama. Uamuzi huo ni tahakiki. Mfano tutakaoutumia ni wa Henrique Alvim Corrêa, Mbrazil aliyeichora riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds, katika toleo la Kifaransa lililotolewa Brussels mwaka 1906.

Ugomvi wa Mwandishi na Mchoraji

Riwaya hii ilitoka kwanza kwa mfululizo katika Pearson's Magazine mwaka 1897, ikiwa na michoro ya Warwick Goble, kisha ikachapishwa kama kitabu mwaka 1898. Inasimulia uvamizi wa viumbe wa Mirihi katika vitongoji vya London. Wavamizi wanatumia mashine kubwa za miguu mitatu, mwale wa joto na moshi mweusi wenye sumu. Goble alizichora mashine hizo kama vyombo vya kiwandani: miguu ni fito zilizokakamaa, na mwili ni chombo kilichotuama juu yake.

Wells hakuridhika, na namna alivyolalamika ni ya kipekee. Hakuandika barua gazetini, bali aliliingiza lalamiko lake ndani ya riwaya. Katika sura ya pili ya Kitabu cha Pili, msimulizi anakumbuka kijitabu kimoja cha mwanzo kuhusu vita vile, ambacho mchoraji wake alizitazama mashine kwa haraka kisha akazionyesha zikiwa ngumu, zimeinama na hazina unyumbufu wowote. Anasema hazikufanana na zile alizoziona mwenyewe ila kwa kadiri mwanasesere wa mbao anavyofanana na binadamu, na kwamba kijitabu kingekuwa bora zaidi bila picha hizo.

Kisa hiki kina uzito wa kinadharia. Kama picha ingekuwa pambo tu, Wells asingekuwa na haja ya kuijibu ndani ya bunilizi yenyewe. Alijua kwamba msomaji akishaiona mashine ya Goble, maneno yake mwenyewe hayatasomeka tena vilevile. Jibu lake linadhihirisha pia alichokitaka: mashine inayotembea kama kiumbe hai, kiasi kwamba mtazamaji anashindwa kubainisha mwisho wa chuma na mwanzo wa uhai.

Maisha ya Mchoraji

Corrêa alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1876. Akiwa kijana alihamia Ulaya pamoja na familia yake, na huko Paris akawa mwanafunzi wa Édouard Detaille, mchoraji mashuhuri wa majeshi. Jambo hili halikosi maana. Detaille alipata sifa kwa picha za vita vya 1870 hadi 1871, ambavyo Ufaransa ilishindwa na Ujerumani. Kwa hiyo Corrêa hakufunzwa kuchora mashujaa wa ushindi peke yake, bali pia askari waliochoka, farasi waliokufa na barabara zilizojaa watu wanaokimbia. Alimwoa binti wa Charles Barbant, mchongaji wa picha za vitabu aliyeshiriki katika matoleo ya riwaya za Jules Verne. Mwaka 1898 akahamia Ubelgiji, ambako aliishi kwa dhiki.

Mwaka 1903 alisafiri hadi London kumwonyesha Wells michoro aliyokuwa ameanza kuiandaa, na Wells akaikubali. Toleo lenyewe lilichapishwa na L. Vandamme mwaka 1906, kwa tafsiri ya Henry-D. Davray, nakala 500 tu. Uchache huo ulimfanya asijulikane kwa miaka mingi. Alifariki dunia mwaka 1910 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 34.

Tafsiri ya Corrêa

Mambo mawili yanaitofautisha kazi yake na ya Goble. La kwanza ni macho. Mashine za Corrêa zina madirisha ya mviringo yaliyokaa mfano wa macho, na minyiri inayoning'inia na kupapasa. Zinatazama na kupeleleza, na pengine zinaonekana kama zinazoshangaa. Wells alikuwa ameeleza kifuniko cha shaba kilichogeuka huku na huku kama kichwa. Corrêa akakisoma kidokezo hicho hadi mwisho wake: kilicho na kichwa kinatazama, na kinachotazamwa ni sisi.

La pili ni mahali pa mtazamaji. Mara nyingi mashine hutokeza gizani, juu ya miti na mapaa, nao binadamu ni vijidoa vinavyotawanyika chini. Hapa mafunzo ya Detaille yanaonekana, lakini yamepinduliwa. Katika picha ya vita ya kawaida, majeshi mawili hukabiliana yakiwa na kimo kimoja. Kwa Corrêa hakuna ulinganifu huo: upande mmoja unapigana, upande wa pili unateketezwa tu.

Ulinganifu uliokosekana ndio kiini cha riwaya. Katika sura yake ya kwanza, Wells anawakumbusha Waingereza kwamba wenyeji wa Tasmania waliangamizwa na walowezi wa Ulaya kwa muda wa miaka 50, kisha anauliza kama wana haki ya kuwalaumu Wamirihi. Goble alichora ajabu ya uhandisi, ilhali Corrêa alichora ushinde. Tunaona kwamba msomaji wa pili ndiye aliyeikaribia zaidi sura ile ya kwanza.

Inawezekana mtu akatupinga kwa kusema kwamba tunampachika mchoraji siasa ambazo hakuzikusudia. Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatudai kwamba Corrêa alikuwa akiichora Afrika. Hata hivyo, kazi ya sanaa haisomwi nje ya wakati wake. Michoro hii ilichapishwa katika makao makuu ya Mfalme Leopold wa Pili, miaka 2 baada ya ripoti ya Roger Casement ya 1904 kuhusu ukatili uliotendwa Kongo. Mwaka huohuo wa 1906, Vita vya Maji Maji vilikuwa vikiendelea katika Tanganyika ya Wajerumani. Msomaji wa Kiswahili anavijua vita hivyo kupitia utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na hahitaji kusafiri hadi Mirihi ili aelewe maana ya kukabiliwa na silaha isiyo na kifani.

Yeye huyo ndiye atakayeona upesi pale riwaya inapoachana na historia. Wamirihi wanauawa na vijidudu vya maradhi, kana kwamba ardhi yenyewe inawatetea wenyeji. Huko Tasmania na Amerika maradhi yaliandamana na mvamizi, yakamsaidia kuwaua wenyeji. Faraja ya Wells ni ya bunilizi. Giza la Corrêa, ambalo halina dalili ya ukombozi, ni la kweli zaidi.

Hitimisho

Agosti 1927 riwaya hii ilitolewa tena katika jarida la Amazing Stories nchini Marekani, na Frank R. Paul akaichorea jalada la rangi kali. Wachoraji wengine wengi wamefuata. Kila mmoja amejibu upya swali lilelile: katika vita hivi, msomaji anasimama wapi? Goble alimsimamisha mbali, akiukagua mtambo. Corrêa alimsimamisha chini ya miguu yake.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu riwaya yoyote yenye picha hana budi, basi, kuzitaja picha hizo katika uchambuzi wake, amtaje aliyezichora, na aulize mchoraji huyo aliisoma vipi kazi aliyopewa. Akiziacha, atakuwa ameiacha nje tahakiki ya kwanza ya kitabu anachokihakiki.