Sikio Ng'ambo ya Bahari

Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim, mhandisi wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, alipotaka kununua vali ya redio kwa mtu aliyekaa Springfield, mwendo wa maili 30 hivi, na mtambo wake wa simu ya upepo ukashindwa kufika huko, alimwomba mwenzake wa Windsor Locks, mji ulio baina ya hiyo miwili, aipokee salamu yake na kuifikisha mbele. Katika haja ndogo kama hiyo ndimo ilimozaliwa jumuiya ya kupokezana habari, American Radio Relay League, aliyoiasisi mwaka huo huo pamoja na kijana Clarence Tuska; na Desemba 1915 wakatoa gazeti lao, QST, ambamo aliyegundua hila ya kuufanya mtambo usikike mbali zaidi aliwaeleza wenziwe, na mchoro juu yake. Maxim huyu, tukipita tu, ni mwana wa yule Maxim aliyebuni bombomu, silaha iliyowafyeka babu zetu enzi za kuja Wazungu. Naye mwenyewe alibuni chombo cha kuzima mlio wa bunduki kabla ya kuushughulisha moyo wake na kufikisha sauti.

Sheria ya Marekani ya 1912 ilikuwa imewasukuma watu wa redio ya ridhaa, wasiofanya kazi hii kwa ujira, hadi kwenye mawimbi ya mita 200 na pungufu yake, kwa kuwa mabingwa wa zama zile waliitakidi kwamba safari ya mbali yataka mawimbi marefu, na kwamba haya mafupi ni makapi. Vita vikawanyamazisha tangu 1917 hadi 1919. Walipofunguliwa walitaka kujua kama makapi hayo yaweza kuvuka Atlantiki.

Basi mwaka 1921 walimtuma Paul Godley, hodari wa mitambo ya kupokea, akavuka kwa meli hadi Uingereza, akapanda mpaka Ardrossan, pwani ya Scotland, akapiga hema uwandani karibu na bahari, akanyoosha juu ya nguzo waya wa futi 1,300 hivi kuelekea magharibi, akakesha usiku wa Desemba akitega sikio, baridi na upepo vikimwandama. Akasikia. Kituo 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilichojengwa na wanachama sita wa klabu ya redio, Edwin Armstrong akiwamo, kilimfikia wazi hata akaandika ujumbe mzima.

Lakini kusikia si kujibizana. Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alisafiri mwaka 1923 hadi Marekani kujifunza kwa wenzake, akarejea kwao, kisha akawapasha habari kwamba atapeleka salamu kwa mawimbi ya mita 100. Na Novemba mwaka huo Fred Schnell akamjibu kutoka Connecticut, na baada yake John Reinartz, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameueneza katika QST mchoro wa mtambo wake wa kupokea badala ya kuuficha. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell wa New Zealand alizungumza na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London, karibu nusu ya mzunguko wa dunia.

Godley alilipeleka sikio lake ng'ambo kwa meli. Baadhi ya watu wa ridhaa wa leo, wakaao katika magorofa yasiyo na nafasi ya mlingoti, na ambamo kila kifaa cha umeme chavuma redioni, wamegeuza mambo: mtu hubaki mjini, na kituo kizima huwekwa mlimani au shambani, kikaendeshwa kwa intaneti. Kufundishana hakukwisha. Mpigaji wa Morse, yaani alama za nukta na vistari, huongozwa na mlio wa ufunguo wake mwenyewe, na mlio huo ukienda hadi mlimani na kurudi, hukawia, na kukawia kwa sehemu ndogo ya sekunde kwatosha kuvuruga vidole. Dawa, kama wanavyoambiana, ni mlio utengenezwe pale pale alipo mpigaji, zisafiri alama peke yake. Sheria ya Marekani nayo yataka kwamba kiungo baina ya mtu na kituo chake kikiharibika mtambo ungali hewani, kiwepo kifaa cha kuuzuia usipeleke zaidi ya dakika 3.

Wako wazee wanaonung'unika kwamba anayesema kwa mlingoti wa mbali hakuifanyia kazi safari ya sauti yake. Siwaafiki, ila katika jambo moja: mwenye kuendesha kituo kilichoko nchi nyingine na aseme waziwazi kilipo, kwani masafa huhesabiwa tangu mlingoti, na aliyeko upande wa pili ana haki ya kujua amezungumza na wapi.