Krismasi Kwenye Migongo ya Murang'a

Rudi hatua chache, kisha usogee tena. Mchoro huu wa ukutani unaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, lakini mama, mtoto na wageni ni Waafrika, na mandhari ni ya Ugikuyu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere, alichora kuta hizi mwaka 1959: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Kanisa hili la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote ni ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Kwetu sisi hapo ndipo picha inapogusa moyo: furaha ya mtoto mchanga imechorwa ndani ya nyumba ya matanga.

Tafadhali usiguse ukuta. Jasho la kiganja huharibu rangi.