Kungoja Chini ya Ahadi: Historia ya Uamuzi wa Mapema katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Katikati ya mwezi wa Desemba, katika nyumba nyingi za Marekani, huonekana kijana wa miaka 17 ambaye chakula hakimshuki wala usingizi haumjii. Hana homa. Ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja chenye sifa, ameiomba mapema kuliko wenziwe, na siku ya majibu imekaribia. Maombi yake aliyapeleka mwanzoni mwa Novemba; tangu hapo ni majuma sita ya kungoja. Msomaji wa Afrika ya Mashariki aliyepata kungoja matokeo ya mtihani wa Cambridge, karatasi zake zikiwa zimevuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza, atadhani kwamba anaijua hali hiyo. Anaijua nusu yake. Yeye aliandika mtihani, akamaliza, akangoja; hakufungwa na neno lo lote. Kijana huyu wa Marekani amekwisha kuahidi kwamba chuo kikimkubali, naye amekikubali, na maombi yake ya kwingineko atayaondoa. Posa haijajibiwa, lakini mahari imekwisha kutolewa.

Mpango huo huitwa uamuzi wa mapema, na si wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na haja yake. Baraza la Mitihani ya Kuingilia Vyuo liliundwa mwaka 1900, na mtihani wake wa kwanza, Juni 1901, ulifanywa na watahiniwa 973 tu. Vyuo vya Harvard, Yale na Princeton vilipokea wanafunzi wengi kutoka shule chache za bweni za watu wenye mali, na mwana wa shule hizo hakuwa na sababu kubwa ya kutetemeka. Mwaka 1926 ukaletwa mtihani wa SAT, nao siku ya kwanza ulikuwa na watahiniwa 8,040. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1944, iliyowalipia karo askari waliorudi vitani. Umati ukaja mlangoni, na vyuo vile vikuu vikawa na watu wengi wanaofaa kuliko viti vya kuwakalisha.

Hapo pakatokea jambo ambalo wanaosimulia habari hizi kwa kumhurumia mwanafunzi peke yake hulisahau: chuo nacho kilianza kungoja. Mwanafunzi mwenye hofu hakuomba chuo kimoja tena, aliomba vitatu, vinne, na zaidi. Chuo kikikubali watu elfu hakikujua kama watakuja mia nne au mia nane, na vitanda vya mabweni havinyooshwi wala kukunjwa kama mkeka. Basi katika miaka ya 1950 baadhi ya vyuo vya kaskazini-mashariki, vikiwamo vyuo vya wanawake, vilibuni mapatano: mwanafunzi atakayetamka kwamba chuo hiki ndicho chaguo lake la kwanza, na kwamba atakuja bila shaka, atajibiwa kabla ya wengine. Mapatano hayo yalisemwa kuwa ni huruma, na huruma ilikuwamo. Lakini mzigo wa shaka ulikuwa umetoka mabegani mwa chuo ukawekwa juu ya mtoto.

Harvard, Yale na Princeton wakati huo vilikuwa na njia yao nyingine. Maofisa wao walizizuru shule zile za bweni walizozizoea, wakawapa vijana herufi. Mwenye A alikuwa kama aliyekwisha kuingia. Mwenye B huenda akaingia, huenda asiingie. Mwenye C alishauriwa kwa adabu atazame kwingine. Kijana wa shule ya serikali huko Kansas au Alabama hakupewa herufi yo yote, wala hakujua kwamba herufi zipo. Yeye aliingoja barua ya Aprili, na mwenye A alilala usingizi tangu majira ya baridi. Katika miaka ya 1970 vyuo hivyo viliziacha herufi, vikaweka mahali pake majibu ya mapema yaliyo wazi kwa kila mwombaji, tena bila kumfunga. Hilo lilikuwa jambo jema, japo halikudumu vile.

Mwaka 1983 jarida la U.S. News & World Report lilianza kuvipanga vyuo kwa daraja. Miongoni mwa vipimo vyake kilikuwamo cha kuhesabu ni wangapi kati ya waliokubaliwa huja kweli, na kipimo hicho hakikuondolewa hata mwaka 2003. Sasa anayeomba mapema kwa ahadi huja karibu sikuzote. Kwa hiyo kila nafasi aliyopewa yeye ilikinyanyua chuo katika orodha. Vyuo vikaanza kujaza sehemu kubwa ya darasa kwa njia hiyo, na katikati ya miaka ya 1990 Yale, Princeton na Stanford vikaingia katika uamuzi wa mapema wenye kufunga. Mwaka 2003 wataalamu watatu, Avery, Fairbanks na Zeckhauser, walichapisha kitabu chao baada ya kuchunguza maombi zaidi ya 500,000 yaliyopelekwa katika vyuo 14. Waliona kwamba kuomba mapema kulimfaa mwanafunzi kiasi cha kuongezewa alama 100 za SAT, na hali hakuongeza elimu hata chembe.

Mtu atauliza: basi kwa nini wote wasiombe mapema? Jibu ni fedha. Mwenye kuahidi kabla ya kujibiwa huahidi pia kabla ya kujua atapewa msaada gani wa karo. Mwana wa tajiri hana haja ya kulinganisha; mwana wa dereva au wa mpishi anahitaji kuziweka barua nne juu ya meza mwezi wa Aprili, azitazame pamoja na wazazi wake, aone ni ipi iliyo na deni dogo. Kweli, hakuna mahakama imshurutishayo kijana kuitimiza ahadi. Huitia sahihi yeye, mzazi na mshauri wa shule yake, na chuo humwachilia ikiwa msaada haukutosha. Tena tangu mwaka 2011 sheria imevilazimu vyuo kuweka hesabu ambayo kwayo mtu aweza kukisia gharama yake mapema. Lakini makisio si barua, na kusihi kuachiliwa ni kazi ngumu kwa mtu asiyezoea kusihi wakubwa.

Kwa miaka mingi majibu yaliletwa na posta, na vijana walijua kuyasoma bila kuyafungua. Bahasha nene ilikuwa na fomu za bweni na za ada, maana yake ndiyo. Bahasha nyembamba ilikuwa na karatasi moja ya masikitiko. Baadaye yakaja majibu ya intaneti, kwa nia ya kufupisha kungoja. Yale ilipofungua ukurasa wake mwaka 2002, watu wa ofisi ya kupokea wanafunzi ya Princeton waliuingia kwa kutumia namba na tarehe za kuzaliwa za vijana waliokuwa wameomba pande zote mbili. Habari ikatoka mwezi wa Julai, ikawa fedheha. Hata mashindano ya vyuo, kumbe, hayakuwa na subira.

Lawama zikazidi. Mwaka 2001 rais wa Yale, Richard Levin, alisema hadharani kwamba ingefaa mipango hii ikomeshwe. Mwaka uliofuata Yale na Stanford viliacha kumfunga mwombaji. Septemba 2006 Harvard ikafuta majibu ya mapema kabisa, Princeton na chuo kikuu cha Virginia vikafuata, kwa hoja kwamba desturi hiyo huwapendelea walio na nafasi tayari. Walitumaini wengine watafuata. Hawakufuata. Wanafunzi hodari walikwenda kuomba kule wanakojibiwa Desemba, na mwaka 2011 Harvard na Princeton vikarudisha majibu ya mapema, ingawa bila ahadi ya kufunga.

Liko jibu la tatu, nalo huenda ndilo zito kuliko yote: kuahirishwa. Chuo hakimkatai kijana, humhamishia katika kundi la wote, angoje tena hadi mwisho wa Machi. Huyo ahadi yake imefunguka, lakini mlango haukufunguka. Yeye pamoja na aliyekataliwa hurudi mezani usiku uleule, kwani maombi ya vyuo vingine vingi yapasa kufika mwanzoni mwa Januari, na siku zilizobaki hazitimii 20.